Mashine ya Soda na Udi wa Alhamisi

Mafundi wa friji wa mji huu siwapendi. Nasema mapema, ili asije mtu akadai nimemsengenya. Anaingia mwanamume nyumbani kwako na bisibisi moja na maneno mia, anagonga ubavu wa mashine kama anayechagua tikiti sokoni, kisha anatangaza, "Gesi imeisha." Siku zote gesi. Ukiwapelekea mtoto anayeumwa na jino, watamtia gesi. Na katika wote hao, niliyemdharau kuliko wengine ni yule niliyezaliwa naye tumbo moja.

Ndugu yangu ni mdogo kwangu kwa miaka tisa. Nimembeba mgongoni, nimemfuta kamasi, nimemsukuma chuoni kwa fimbo. Ufundi wake aliupata katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, akakaa huko mpaka hoteli ikafungwa na majani yakaota ndani ya bwawa la kuogelea. Vyombo vilipokuwa vikitolewa, watu wenye akili walichukua magodoro, vitanda, viti vya mbao nzuri. Ndugu yangu akaja na mashine ya kuuza soda.

Ililetwa kwa mkokoteni, imelazwa chali, wanaume wanne wanasukuma na wa tano anapiga kelele. Vichochoro vya mji wetu wa kale vimejengwa kwa ajili ya watu wawili wanaopendana, si kwa mashine ile. Walipofika mlangoni kwangu jirani zangu wote walikuwa nje, kila mmoja na maoni yake. Ilikuwa na kioo mbele, taa ndani, na tundu la kutilia sarafu za nchi ambayo sisi hatujawahi kuikanyaga.

"Dada, hii ni mali," akaniambia.

"Mali ya nani? Hata hizo sarafu zake hatuna."

Aling'oa kile kisanduku cha sarafu, akanipa ufunguo, ikawa mtu anafungua mlango wa kioo kama kabati lolote. Nilimcheka wiki nzima. Lakini niliitumia, sitasema uongo. Nikaiweka ukumbini karibu na mlango wa mbele, nikauza maji baridi, juisi ya ukwaju na ya ubuyu, na watoto wa chuo wakawa wanakuja kubandika pua zao kwenye kioo. Safu ya juu kabisa niliiacha kwa mama.

Mama yangu ana sukari. Anajidunga sindano asubuhi na jioni, na dawa ile inataka baridi. Muuguzi wa kliniki alitueleza vizuri: ikipata joto huharibika, na ikiharibika huijui kwa macho, inabaki vilevile inang'aa ndani ya kichupa chake. Sasa fikiria joto la Malindi mwezi wa pili, nyumba ya mawe, bati juu. Kwa hiyo mashine ile, pamoja na upuuzi wake wote, ndiyo iliyokuwa ikimweka mama yangu hai. Nilikuwa nikilijua hilo. Sikulisema tu.

Tuligombana, mimi na ndugu yangu, kwa sababu ya chetezo. Kila Alhamisi jioni mimi hufukiza nyumba. Nyumba isiyofukizwa usiku wa kuamkia Ijumaa si nyumba, ni ghala. Nilikuwa nimegundua jambo: chini ya ile mashine, mbele, kulikuwa na wavu, na ndani ya wavu feni. Ukiweka chetezo pale sakafuni, feni inauvuta moshi, inautoa kwa nyuma, na udi unaenea nyumba nzima mpaka vyumba vya ndani bila ya mtu kuzunguka na makaa mkononi. Nilijiona mjanja kuliko waliotengeneza mashine. Nikawaambia jirani zangu kwamba Wazungu wametutengenezea chetezo cha stima na wenyewe hawajui.

Alhamisi moja wakwe zake ndugu yangu kutoka Sabaki walikuja kututembelea. Niliwapikia, nikafukiza udi wangu mzuri, ule niuwekao kwa ajili ya harusi. Baba mkwe akavuta pumzi, akasema, "Mashallah, nyumba inanukia." Ndipo yule mdogo wangu akafungua kinywa chake mbele ya wageni.

"Dada, kiondoe chetezo hapo. Hapo ndipo mashine inapovutia pumzi."

Mimi! Nikosolewe juu ya udi, mbele za watu, na mtoto niliyemfulia nepi!

"Nimefukiza nyumba hii tangu wewe unalala kwenye kitambaa," nikamwambia. "Fundi wa friji, na mkeo anakunywa maji ya mtungi! Mganga hajigangi, kumbe ni kweli."

Wakwe wakaangalia ndani ya vikombe vyao.  Na kweli ndugu yangu hakuwa na friji nyumbani kwake wakati ule. Alitengeneza za wenzake, na majokofu ya wanunuzi wa samaki, na kwake mtungi. Nililijua hilo ndiyo maana nikalisema.

Tangu siku ile nikaacha kuitikia salamu yake. Yeye alikuwa akija mjini karibu kila siku kwa kazi zake, na kila akija hupita kumwangalia mama. Anasimama mlangoni, "Shikamoo, dada." Mimi natazama barabara. Anaingia, anakaa na mama, anatoka, "Kwaheri, dada." Natazama barabara. Miaka miwili, wala hakuacha kuniamkia hata siku moja, na kila shikamoo yake ilizidi kunikera. Nilimwona hana haya. Mtu mwenye haya angeacha.

Halafu mashine ikafa.

Haikufa vizuri, kama kiumbe chenye adabu. Ilikuwa inanguruma kidogo, inasema "tik," inanyamaza. Baada ya muda inanguruma tena, "tik," kimya. Maji yakawa vuguvugu. Lakini taa ya ndani iliendelea kuwaka, maana taa ina njia yake na baridi ina njia yake, na hiyo taa ndiyo iliyonitia ujinga. Ndugu yangu alipopita aliona kioo kinang'aa kama kawaida, chupa zimejipanga, akadhani mambo ni sawa. Nikamwambia mama, "Usimwambie." Mama hapendi ugomvi, akanyamaza. Wateja nikawaambia maji ya vuguvugu ni mazuri kwa kifua.

Nikaita fundi. Alikuja na bodaboda, miwani ya jua ukumbini, simu sikioni. Akagusa ubavu wa mashine kwa vidole viwili kama inayoambukiza.

"Gesi imeisha, mama."

"Mama yako yuko kwenu," nikamwambia. "Tia hiyo gesi."

Akatia. Ikanguruma kwa nguvu mpya, akanitazama kama aliyefufua maiti, akapanda bodaboda yake. Hajafika msikitini, "tik." Nikampigia simu mara sita. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini la huyu, ukilihitaji livume, limezimwa.

Dawa ya mama ikabidi ilale kwa jirani. Jirani huyu tumegawana ukuta. Ana friji kubwa nyeupe aliyoletewa na mwanawe kutoka Arabuni, na tangu iingie mlangoni mwake amekuwa hatembei, anapita. Mama akawa anakwenda mara mbili kwa siku na mkongojo wake, anabisha, anangoja. Jirani yuko ndani, unasikia redio yake, lakini hafungui. Mara anaoga, mara anaswali, swala ambazo hata hazijaandikwa. Akifungua, anamkabidhi mama kichupa kwa ncha za vidole, kinanuka nguru. Na kwa wageni wake husema kwa sauti ya kupita ukuta, "Dawa ya bibi hapo jirani iko kwangu. Bintiye ana kabati la taa."

Kabati la taa! Nilisikia nikiwa jikoni, nikaviponda vitunguu saumu mpaka kinu kikalia. Lakini ningesema nini? Alikuwa anasema kweli.

Mama akachoka kubisha. Hakuniambia. Alichukua vichupa vyake vyote, akavifunga kwa leso, akavitia ndani ya kasha lake chini ya nguo, kwa kuwa ndani ya kasha kuna giza na mtu aliyezaliwa zamani anaamini giza ni baridi. Akawa anajidunga dawa iliyokufa asubuhi na jioni, kwa bismillahi, na mimi nadhani anatoka kwa jirani. Siku ya nane sikuweza kumwamsha sawasawa. Ulimi ulikuwa mkavu, pumzi ndefu, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Tulimpeleka hospitali kwa tuktuk, kichwa chake mapajani mwangu.

Alikaa huko siku tatu. Alipopata nguvu za kusema, hakunilaumu, na ingekuwa heri angenilaumu. Alisema, "Nataka dawa yangu ilale ninapolala mimi. Sibishi mlango wa mtu tena. Muite ndugu yako."

"Mafundi wamejaa mji mzima, mama."

"Muite ndugu yako."

Sikumwita. Wacha niseme nilivyokuwa: mama yangu kitandani hospitali, na mimi natafuta fundi mwingine. Nikampata mmoja wa makamo, viatu vimepakwa rangi, mwenye kujitia daktari. Huyu hakugusa kwa vidole viwili, huyu aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye mashine, akafumba macho, akasikiliza mpaka nikadhani amelala.

"Kompresa imekufa," akasema. "Huo ndio moyo wake. Moyo ukisimama, basi tena."

"Sasa?"

"Sasa mimi naweza kukuondolea hapa, nikauze vyuma."

Ebo! Ndiyo maana alifumba macho, alikuwa anapima uzito. Nikamwonyesha mlango, nikamwonyesha na barabara, maana alionekana hajui inakoelekea.

Mama aliporudi nyumbani alikaa ukumbini, akaitazama ile taa inayowaka juu ya maji ya moto, akaomba simu. Akampigia mwanawe mbele yangu. Maneno yake yalikuwa machache: "Mashine haipoi tangu siku nyingi. Dada yako alikuficha, na mimi nikamsaidia. Njoo."

Alikuja asubuhi ya pili na mkoba wake wa ngozi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasimama mlangoni aseme shikamoo, na safari hii, kwa ajili ya mama, ningemtupia marahaba moja, ndogo, kama anavyotupiwa paka mfupa. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa.

Akaingia. Akambusu mama mkono. Akapita mbele yangu kama anapita mbele ya nguzo.

Hakuniamkia.

Akachomoa waya ukutani, akapiga magoti, akafungua parafujo nne, akauvua ule wavu wa chini. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa amepiga magoti, hilo nalikumbuka. Akavuta nje trei nzima iliyobeba kompresa, kitu cheusi cha mviringo, na mbele yake mabati membamba yaliyopangwa na kupitiwa na mrija wa shaba. Kazi ya mabati yale, nilikuja kuelewa, ni kutoa joto nje: feni inavuta hewa ipite katikati yao. Lakini hapakuwa na katikati. Palikuwa na utando mzito, mweusi unaonata, kama chini ya sufuria la halua iliyoungua.

Na ukumbi wote ukanukia. Lo! Nikanusa udi wangu, ubani wangu, mawaridi niliyochanganya mwaka ule wa harusi ya binti wa mtaa wa tatu, kila Alhamisi niliyopata kuifukiza. Moshi haukuwa ukienda vyumbani tu. Ulikuwa unapita pale, unaacha mafuta yake, na vumbi linakuja kukaa juu ya mafuta. Mashine ilikuwa imezibwa pua miaka na miaka, na aliyeiziba ni mimi, kwa udi wa harusi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo hawakusema anavunjika nini.

Nilingoja aseme. Wallahi nilikuwa nataka aseme. Angesema, "Nilikwambia," ningepata pa kumshikia, ningemrudishia maneno kumi, ugomvi ungekuwa ugomvi wa kawaida wa ndugu.  Badala yake akamwomba mama maji ya moto na sabuni ya unga, wakati mimi ndiye nimesimama hatua mbili kutoka jikoni na mama hawezi kuinua birika. Nikaenda nikayaleta, nikayaweka chini. Akayachukua bila kuinua macho.

Akasugua kwa mswaki wa meno, bati kwa bati, karibu asubuhi yote. Utando mwingine aliubandua kwa kisu. Kisha akaweka waya za kipimo chake kwenye kompresa, akasoma, akamwambia mama, "Nzima hii. Haijafa. Ilikuwa inaungua kwa joto, inajizima yenyewe isife." Ubavuni mwa kompresa akang'oa kijidude cheusi, kidogo kama pipi, akakitikisa karibu na sikio la mama. Kikalia kama njuga. "Hiki ndicho kinachoisukuma ianze. Kimeungua kwa kujaribu kila siku." Akatoa kingine mkobani, cha friji ya zamani, akakipachika. Akafunga geji yake ya kupimia gesi, akapunguza gesi aliyoishindilia yule mwenye miwani, akimtukana kwa sauti ndogo. Hapo tu, kwa mara ya kwanza, tulikuwa na maoni mamoja.

Akachomeka waya.

Ikanguruma. Nilisubiri ile "tik." Mama naye alikuwa akiisubiri, niliona vidole vyake vimesimama juu ya tasbihi. Tukasubiri, na haikuja. Ikaendelea kunguruma kwa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Baada ya muda akamshika mama mkono, akauweka kwenye mrija ulioingia ndani, na mama akautoa upesi, akacheka.

"Umekuwa barafu!"

Kabla ya kuondoka alikusanya ule utando wote mweusi juu ya kipande cha gazeti, akaukunja vizuri, akampa mama. "Udi huu, mama. Ukiutia makaani bado utanukia. Umelipiwa, usiutupe." Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Mimi sikucheka. Akachukua mkoba wake, akamuaga mama, akanipita. Hata kwaheri hakunipa.

Jioni ile nilikwenda mwenyewe kwa jirani kuchukua vichupa vipya tulivyopewa hospitali, nilivyokuwa nimemwachia yeye. Nilibisha, nikangoja mpaka redio ikapunguzwa. Nikamshukuru kwa adabu zote, kwa maneno marefu, mpaka akashuku. Nikavipanga katika safu ya juu, nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikamfungia mama kwenye pindo la leso yake. Alilala usingizi wa mapema.

Ningesema mambo yakaisha hapo ningekuwa mwongo. Mama alipata alichotaka. Lakini ndugu yangu akawa anakuja kama zamani, siku baada ya siku, na anapita mlangoni kimya. Anamwamkia mama, anaangalia mashine, anapitisha kitambaa kwenye ule wavu, anaondoka. Miaka miwili alikuwa ananipa shikamoo nami siitaki. Sasa naitaka, na marahaba yangu imekaa mdomoni kama punje ya mchele iliyoganda kwenye jino. Na hakuna mkubwa anayeomba kuamkiwa. Ukiomba, umeshakuwa mdogo.

Nilimdharau kwa hilo pia, siku chache za mwanzo. Nikasema, tazama, kajua kijidude kimoja sasa hatambui watu. Halafu nikachoka. Dharau nayo ni kazi, na mimi nilikuwa nimeifanya peke yangu muda mrefu.

Alhamisi iliyofuata nilikiwasha chetezo uani, mbali, nikakizungusha vyumbani kwa mkono wangu kama alivyofanya bibi yangu, na vidole vikaungua kama vyake. Kisha nikakaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mama ameketi karibu yangu kwenye mkeka. Ndugu yangu akaja, akapitia ukumbini, akatokea uani. Akakiona chetezo kilipo. Akanipita.

"Shikamoo, fundi," nikamwambia.

Mama akaacha tasbihi. Mkubwa hamwamkii mdogo, haijapata kuwa, hata kwa mzaha watu hawafanyi. Ndugu yangu akasimama, mgongo kwangu. Nilijua atakavyofanya, maana nimemlea mimi: atageuka, atasema, "Astaghfirullahi, dada, usinitie dhambini," atakataa, tutacheka wote watatu, na mimi nitabaki mkubwa.

Akageuka. Akanitazama, mkono wangu mmoja una kifuu cha nazi na mwingine una vidole vilivyoungua.

"Marahaba," akanijibu, mshenzi yule, wala hakucheka.

Kisha akaketi mkekani karibu na mama, akaomba maji ya baridi, nami nikainuka nikamletea.